Macho ya Kibarua

Okot alipofariki mwezi uliopita, ibada ya kumuaga ilifanyika katika kanisa dogo nyuma ya kambi ya polisi alikokulia, kabla ya mwili kupelekwa kaskazini kuzikwa. Mimi ni Mwislamu, lakini wanawe walinikalisha benchi la mbele pamoja nao, na hakuna aliyeshangaa. Waliozungumza walizungumza vizuri, mpaka akasimama mzee mmoja mwenye suti ya kijivu na fimbo. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamtambua kwa sura. Alikuwa Bwana Kaggwa, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi katika kampuni iliyotupa kazi ya kwanza, mimi na Okot, tukiwa vijana. Alisema kampuni yao iliwapokea vijana wawili wasiojua kitu, ikawalea, ikawafunza, na matunda yake ni karakana ambayo Kampala nzima inaijua. Watu wakapiga makofi. Akanitazama, akatabasamu kama mtu anayengoja ashukuriwe. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mjane wa Okot, aliyekaa kando yangu, aliniwekea mkono juu ya goti na kuuacha hapo, kwa sababu anajua yote, na alijua kwamba siku ile ilikuwa ya mumewe. Nikanyamaza. Lakini nina miaka hamsini na kitu sasa, shinikizo la damu ninalo, na sioni kwa nini niende kaburini na maneno ya Bwana Kaggwa yakiwa ndiyo yaliyobaki. Kwa hiyo nitausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mimi na Okot, marafiki tangu utoto, tulikuwa tumetoka chuo kimoja cha ufundi na cheti kimoja cha umeme, na tulikuwa tumetafuta kazi mpaka viatu vikaisha. Ndipo tukasikia kwamba mkandarasi mmoja anaweka umeme katika hoteli mpya pale Nakasero na kwamba kila asubuhi anachagua vibarua langoni. Mimi nilitoka kwetu Kibuli, yeye akatoka kambini kwa baba yake, tukakutana njiani tukapanda kilima pamoja. Injinia wa mkandarasi alituchukua siku ileile kwa sababu tulikuja na koleo zetu wenyewe na testa, zile bisibisi za kupimia umeme. Hoteli ilikuwa bado mifupa tu: ngazi zisizo na vyuma vya kushikia, vyumba visivyo na milango, vumbi la saruji likielea kwenye mwanga wa madirisha matupu. Tulivuta nyaya ndani ya mabomba ya plastiki, tukafunga maboksi ukutani, tukapanda ghorofa baada ya ghorofa. Mchana tulikaa kwenye magunia ya saruji na sahani za ugali tunaouita posho, na maharage, kutoka kwa mama aliyepika nyuma ya uzio, tukawasikiliza mafundi wa vigae na wapaka rangi wakibishana juu ya mpira na wanawake, kwa Kiganda, kwa Kiswahili, kwa Kilingala. Nilikuwa na furaha, na siwezi kuificha. Nilipenda kubonyeza swichi kwenye chumba kilichokuwa kiza na kuona taa inawaka kwa kazi ya mikono yangu.

Macho yangu hayakuwa siri kati yangu na Okot, ingawa wakati ule sikujua kwamba jambo lile lina jina. Kwangu mimi waya mwekundu na waya wa kijani ni ndugu wa tumbo moja; wote ni rangi ya udongo mkavu, mmoja umekolea kidogo kuliko mwenzake, na jua likiwa kali hata tofauti hiyo hutoweka. Tangu utoto nilidhani wenzangu walikuwa tu wamejifunza majina ya rangi vizuri kuliko mimi. Mama akinituma soko la Nakasero kununua nyanya zilizoiva, nilizibonyeza kwa kidole gumba moja moja mpaka mwenye meza akanifukuza. Okot aligundua tukiwa chuoni. Alicheka siku hiyo moja, kisha akaacha kucheka na kutafuta njia. Yeye alisoma rangi, mimi nikapima kila waya kwa testa kabla ya kuugusa, halafu nikaufunga fundo langu kwenye ncha: fundo moja kwa waya wa moto, ambao huwa mwekundu, mawili kwa ule wa kijani wa ethi unaopeleka umeme ardhini pakiwa na hitilafu. Sisemi rangi haina maana. Ina maana, ndiyo sababu sikuiamini hata mara moja. Injinia hakujua haya yote. Alijua tu kwamba ghorofa zetu hazikuwahi kuzima wala kuungua, na wageni wenye hoteli walipokuja kukagua, aliwaleta kwetu.

Kazi ilipokaribia kwisha, tukaambiwa kwamba kampuni imepata majengo mengine na itaajiri mafundi kadhaa wa kudumu: mshahara wa mwezi, matibabu, barua ya ajira. Injinia mwenyewe alisoma majina, na la kwanza lilikuwa langu, Rama. Lililobaki lilikuwa kupimwa afya. Tulipelekwa kwenye kliniki moja karibu na hapo, yenye sakafu inayong'aa na viti vya ngozi, tukapanga foleni na buti zetu za vumbi. Nilipimwa mapafu, mkojo, masikio. Niliisoma herufi ndogo kabisa ukutani, na muuguzi akasema macho yangu ni ya tai. Kisha daktari, kijana wa umri wangu, akafungua kitabu chenye duara za nukta za rangi, akaniuliza ninaona namba gani. Niliona nukta. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Nukta. Nilidhani ni mtego, kwamba jibu sahihi ni kusema hakuna namba, nikasema hivyo. Akaniangalia, akamwita muuguzi aje aone, na muuguzi akamwita mwenzake. Mlango ulikuwa wazi, wenzangu wote wako kwenye foleni. Daktari akanyanyua kalamu yake akaniuliza ni ya rangi gani. Nikasema kahawia. Wakacheka, si kwa ubaya, nadhani, ila kama watu wanavyocheka mtoto akitamka neno vibaya. Kalamu ilikuwa nyekundu. Akanieleza, akiwa bado na kicheko usoni, kwamba nimezaliwa hivyo, kwamba hakuna dawa, kwamba nimeupata upofu huu wa rangi kwa mama yangu, na kwamba ni bahati mbaya nilichagua umeme. Akafunga kitabu akaita mwingine.

Kesho yake nilikalishwa nje ya ofisi ya Bwana Kaggwa. Ofisi zao za pale kwenye jengo zilikuwa vyumba vya mbao nyembamba, na aliyekaa kwenye benchi la nje alisikia kila kitu kilichosemwa ndani. Walizungumza Kiingereza, labda wakidhani kibarua haelewi. Nilimsikia Injinia akisema kwamba mimi ndiye fundi wake bora na kwamba hajui atamalizaje ghorofa za juu bila mimi. Nikashusha pumzi. Bwana Kaggwa akamjibu kwa utulivu kwamba hakuna aliyesema bila yeye. Akasema tatizo ni barua ya ajira. Fundi mwenye barua akiungua ni wa kampuni, na bima ikigundua kwamba kampuni ilijua haoni rangi, itakataa kulipa. Kibarua akiungua ni shauri lake na Mungu wake. Injinia akasema sawa. Sawa, basi. Neno hilo moja tu. Nimesikia matusi mengi maishani mwangu, mengine kwa lugha nisizozijua, na hakuna lililoniingia kama lile sawa la mtu aliyekuwa akinisifu mbele ya wageni.

Niliitwa ndani. Bwana Kaggwa aliniambia kwa Kiswahili chake cha ofisini, polepole, kwamba macho yangu ni hatari kwangu na kwa wenzangu, na kwamba kampuni inajali sana usalama. Kisha akaniambia niendelee kuja asubuhi kama kawaida. Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamuuliza nitakuja kufanya kazi gani.

"Ile ile," akasema. "Kazi iko. Barua ndiyo hakuna."

Nikamuuliza ikiwa nyaya za kibarua haziunguzi. Akasema kijana, usianze siasa hapa, kuna wengi langoni. Injinia alikuwa akitazama ramani ya jengo ukutani kana kwamba hajawahi kuiona.

Nyumbani sikutaka kusema, lakini Kibuli habari haihitaji miguu. Mama alikuwa ameketi jikoni akimimina uji wa gurusa kwenye kikaango, ule mkate mwembamba wetu sisi Wanubi, na bamia ilikuwa ikichemka pembeni. Nilimwambia yote isipokuwa lile la daktari kuhusu yeye. Akaniuliza ugonjwa huu unatoka wapi. Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Akageuza gurusa, akageuza nyingine, akasema kaka yake mkubwa alikuwa akivaa soksi mbili tofauti na watu wakamwita mchafu. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kwa hiyo ni mimi." Nikamwambia si yeye. Nilimwambia hivyo miaka yote mpaka alipofariki, na hakuniamini. Yule daktari sijawahi kumwona tena. Lakini kama angejua sentensi yake ilifika jikoni kwa nani hata bila mimi kuisema, labda angefunga angalau mlango.

Nilirudi kazini. Watu wanaoniuliza kwa nini nilirudi hawajawahi kutafuta kazi katika mji huu mpaka viatu vikaisha. Okot alipata barua, akapewa kofia ya bluu ya mafundi wa kudumu, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko furaha yake. Alitaka kuikataa; nilimzuia, maana baba yake alikuwa karibu kustaafu. Lakini kofia ile ilitutenganisha. Yeye alipewa kuongoza kikundi ghorofa za juu, mimi nikapelekwa chini kuvuta nyaya nene kuelekea kwenye bodi kuu inayogawa umeme wa jengo. Hatukufanya kazi bega kwa bega tena. Wakati huohuo siku ya kufungua hoteli ilikuwa inakaribia, na kila mtu alikimbia. Waya mwekundu ukaisha ghalani. Nilikuwepo Okot aliposhuka kulalamika kwamba wamepewa koili za kijani watumie kama waya wa moto, na nilimsikia Injinia akimjibu kwamba waya ni waya, shaba ya ndani haina rangi, wafunge utepe mwekundu kwenye ncha kisha waendelee. Shaba ya ndani haina rangi! Kampuni iliyoninyima barua kwa sababu ya rangi. Niliinama juu ya kazi yangu nikaendelea kuvuta nyaya.

Vikundi vingine huko juu havikufunga utepe wowote. Siku chache baadaye Okot alifungua boksi katika ghorofa ambayo hakuifanyia kazi yeye, akaona waya wa kijani, akaushika akidhani ni ethi, na wakati huohuo mtu mwingine chini kwenye bodi kuu akawasha ghorofa ile kujaribu taa. Nilisikia kishindo cha kitu kuanguka, kisha sauti za watu kwenye ngazi. Nilipofika juu walikuwa wamemlaza sakafuni, macho wazi, na mkono wa kulia umekunjamana kama jani lililokauka. Harufu yake sitaiandika. Nilishuka naye ngazi zote nikiwa nimeshika kichwa chake, nikasukumwa nje ya gari lililompeleka hospitali kwa kuwa nafasi ilikuwa ya wenye kofia za bluu.

Asubuhi iliyofuata mlinzi wa langoni, mtu aliyekuwa akinisalimia kila siku, alinizuia kwa rungu. Akasema ameambiwa nisiingie kwa sababu mimi ndiye niliyeunganisha vibaya. Nilicheka, kwa kweli nilicheka. Nikamwambia sijawahi kukanyaga ghorofa ile. Akasema, "Wanasema wewe haoni rangi, na daktari ameandika. Mimi nifanye nini, ndugu yangu?" Ndivyo nilivyoelewa. Macho yangu, ambayo hayakutosha kunipa barua, yalitosha kabisa kubeba lawama. Kampuni ilikuwa na fundi aliyeungua, hoteli inayongoja kufunguliwa, na kibarua mwenye cheti cha daktari kinachosema haoni rangi. Wangemtafuta mwingine wa nini?

Jioni ile baba yake Okot alikuja kwetu akiwa amevaa sare. Alikuwa sajini, mtu mrefu asiye na maneno mengi, na tangu utoto nilimwita Afande kama walivyomwita watoto wote wa kambini. Alikataa kiti. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Afande alisema kampuni imemweleza kwamba niliyajua macho yangu na nikaficha, na kwamba wakuu wake wanasema anaweza kunifungulia kesi ya uzembe. Alisema madaktari wamemkata Okot vidole viwili na wanangoja kuona cha tatu. Alisema haya yote kwa sauti ya chini, na kope zake zilikuwa zimelowa. Nilitaka kujitetea lakini hasira ilinizidi, hasira kwamba walikuwa wamemchukua hata huyu, wakamtuma nyumbani kwetu na uchungu wake kama ujumbe wao. Mama ndiye aliyesema. Alimwambia, "Afande, kabla hujamfunga mtoto wangu, muulize mtoto wako."

Akatikisa kichwa, akanitaka nivae viatu twende. Tuliondoka sisi wawili kwa miguu mpaka hospitali.

Tuliwakuta Bwana Kaggwa na Injinia tayari wako wodini, na mfuko wa machungwa juu ya kitanda. Okot alikuwa ameegemea mito miwili, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, midomo imepasuka. Hawakufurahi kutuona, lakini huwezi kumfukuza sajini wa polisi kitandani kwa mwanawe. Bwana Kaggwa aliendelea na alichokuwa akisema, sasa kwa upole zaidi: kwamba kampuni haimtupi mtu wake, kwamba hata kwa mkono mmoja kuna kazi ya ghala, kwamba linalotakiwa ni Okot athibitishe tu nani aliunganisha ule waya, ili mambo ya bima yaende. Hakunitazama. Injinia naye alitazama machungwa.

Afande akamwambia mwanawe aseme kweli, asimwogope mtu. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kukohoa. Nakiri sikujua Okot atasema nini. Alikuwa na baba anayestaafu na mkono uliokatwa vidole, na anapewa kazi mpaka uzeeni kwa neno moja.

Akamgeukia Bwana Kaggwa. "Rama hakuwa juu," akasema. "Rama mlimweka chini. Angekuwa na mimi, ule waya tungeupima. Mimi ndiye iko na macho mazuri, mzee. Daktari wenu alisema. Niliona kijani, nikashika."

Injinia alitoka kwanza. Bwana Kaggwa alibaki kidogo akirekebisha mfuko wa machungwa usianguke, kisha akaaga wote kwa heshima, na kesi yangu ikaishia hapo. Barua ya Okot nayo ikaishia hapo, maana wiki chache baadaye aliambiwa kwamba alikuwa bado katika kipindi cha majaribio na hakukifaulu. Afande alinisindikiza mpaka nje ya hospitali. Akavua kofia yake ya polisi, akasimama nayo mkononi mbele yangu pale barabarani, kichwa wazi, watu wakipita. Nilimwambia avae, asinyeshewe bure, maana mvua ilikuwa imeanza. Hakuivaa mpaka nilipovuka barabara.

Hoteli ilifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Mimi nilizunguka mwaka ule uliobaki, na kila mlango nilioubisha ulikuwa umesikia. Hatimaye mimi na Okot tulikodi kibanda nyuma ya mtaa wa biashara wa Kikuubo tukaanza kusuka upya mota zilizoungua, za pampu na mashine za kusaga, kazi ya waya wa shaba mtupu. Yeye alishika kwa vidole vilivyobaki, mimi nikasuka. Mungu alitubariki, sikatai. Tumesomesha watoto. Ndiyo maana watu wazuri, watu wanaonipenda, huniambia kwamba kampuni ile ilitufanyia heri bila kujua, kwamba bila mlango ule kufungwa tusingefungua wetu. Wanasema kunituliza, na mimi huwashukuru, lakini kila mara moyo wangu hukataa, kwa sababu karakana ile tuliijenga sisi, na vidole vya Okot havikuwa bei ambayo mtu yeyote alikuwa na haki ya kuilipa kwa niaba yake. Siku hizi vijana wananiambia kuna simu inayokusomea rangi ukiielekeza kwenye waya, na nchi nyingine fundi kama mimi hupewa kazi na kifaa chake bila kelele. Nawaambia hata wakati ule kifaa kilikuwepo. Kilikuwa mfukoni mwangu kila siku, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninafanyaje kazi. Waliniuliza tu ninaona namba gani.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ningependa mtu wa kampuni ile, yeyote aliye hai, anikosoe nikikosea. Kama macho yangu yalikuwa hatari, yalikuwa hatari tangu asubuhi ya kwanza nilipoingia langoni na testa yangu, na waliniacha nishike moto wao miezi yote ile huku wakijua bei ya kifo changu ni bure. Na kama hayakuwa hatari, basi kazi ile ilikuwa yangu.